Mkopo uliofuata kalenda ya shule: nilivyopata mtaji Busia bila hati ya ardhi

Nashona sare za shule hapa Busia, upande wa Uganda. Biashara hii inakwenda kwa mihula: shule zikifungua kazi inafurika, zikifunga mashine zinapoa. Msimu mkubwa ni mwanzo wa mwaka. Matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yanatoka Januari, watoto wanaitwa Senior One, yaani kidato cha kwanza, na kila mzazi anataka shati, sketi au kaptura, na sweta juu, kabla mtoto hajaripoti. Ili nguo hizo ziwe tayari, kitambaa kinatakiwa kununuliwa Novemba, au Desemba mapema kabla wauzaji wa jumla wa Kikuubo kule Kampala hawajapandisha bei. Lakini pesa inarudi Februari, Machi, nyingine Aprili, kwa sababu shule iliyoagiza inalipa ikishakusanya karo. Katikati hapo ndipo mafundi wengi wanapokwama, hata wenye mkono mzuri na wateja wa kutosha.

Mwaka 2021 jambo hili lilikuja kwa uzito mwingine. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na, ukiacha madarasa machache yaliyorudi kwa vipindi, hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Nilishona barakoa, nikabana mashati ya mitumba, nikatengeneza mapazia, almuradi mafundi wangu wapate cha kupeleka nyumbani. Tangazo la kufungua lilipotoka, nilimtazama mwanangu wa mwisho nikajua hesabu imekaaje: suruali ya shule ilimfika katikati ya mundi. Watoto wa mji mzima wangehitaji sare mpya, tena kwa wakati mmoja, na sisi wa kuzishona hatukuwa na mtaji.

Mahali pa kwanza pa kuuliza palikuwa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wasiokijua kikundi cha namna hii, kinakwenda hivi: wanachama wanakutana kila wiki, kila mmoja ananunua hisa, hisa zinagongwa muhuri kwenye kitabu chake, na pesa inaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti, na mwenye sanduku hana hata mmoja. Mpango huu ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukasambaa Afrika nzima, na kwetu umeshika mizizi kweli. Wanachama wetu ni Wasamia, Wateso, Wajaluo na Wanubi, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Naupenda mkutano ule. Mwekahazina anahesabu noti kwa sauti, wote mnamsikia, na asiyejua kusoma anajua sawasawa sandukuni kuna kiasi gani.

Kwa mahitaji yangu, hata hivyo, sanduku lina kasoro mbili. Mwanachama anakopa mpaka mara tatu ya akiba yake, na akiba yangu ilikuwa imepungua sana kwa zile siku za kufungiwa. Kasoro ya pili ndiyo nzito: vikundi vingi vinagawana mwezi Desemba ili watu wapate pesa ya Krismasi na karo, na kabla ya kugawana lazima mikopo yote iwe imerudi. Yaani sanduku linafungwa kwa wakopaji mwezi uleule ninaohitaji kukopa. Hakuna wa kulaumiwa. Kalenda ya kikundi imepangwa kwa mahitaji ya nyumbani, nami nilihitaji pesa ya kazi.

Kulikuwa na mkopeshaji wa mtaani. Yeye hakutaka maneno mengi: asilimia 20 kwa mwezi, na kitambulisho cha taifa kibaki kwenye droo yake. Nilitoka. Sheria ya 2016 inayosimamia SACCO na wakopeshaji binafsi inamkataza mkopeshaji kushika kitambulisho cha mtu kama dhamana, na bado wako wanaofanya hivyo mchana kweupe, kwa sababu mwenye shida haulizi sheria. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti. Kumnyang'anya mfanyabiashara kitambulisho ni kumfungia duka, na jambo hili linaniuma kila ninapolisikia.

Kuhusu ardhi nitasema kwa kifupi. Tunapoishi ni ardhi ya ukoo, haina hati, kama ilivyo sehemu kubwa ya nchi nje ya maeneo ya mailo, yaani ule umiliki wa zamani wenye hati, hasa Buganda. Na hata ingekuwa na hati, ardhi ya familia haiwekwi rehani bila idhini ya mume na mke wote wawili, jambo ambalo naliunga mkono. Sikutaka paa la watoto liingie kwenye biashara ya kaptura.

Kilichonifungulia njia nilikisikia kwa jirani mwenye kinu cha kusaga mahindi. Mwaka 2019 Uganda ilitunga sheria ya dhamana ya mali inayohamishika. Kwa sheria hiyo, mashine, pikipiki, mifugo, mazao ghalani, hata madai unayowadai wateja, vinaweza kuwa dhamana. Mkopeshaji anaandika taarifa kwenye daftari la kielektroniki linalotunzwa na URSB, ofisi ileile inayosajili majina ya biashara, na mali inabaki mikononi mwako ikifanya kazi. Yeye alikuwa ameweka kinu. Nami nilikuwa na cherehani mbili za umeme, ovaloki moja (mashine ya kufunga kingo za kitambaa), na mashine ya kufuma sweta.

Nilikwenda kwenye taasisi ya mikopo midogo aliyonielekeza. Afisa mikopo alikuwa kijana mpole, lakini macho yake hayakuacha kitu. Alipokuja kwenye chumba changu cha kazi aliinama chini ya kila mashine akitafuta kibati cha namba, akaifuta vumbi la pamba kwa kidole, akaandika, akapiga picha. Kisha akaomba kila mashine iwashwe na ishone mbele yake. Alipofika kwenye ovaloki akasimama.

"Mama, hii risiti yake iko wapi?"

Haikuwa na risiti, niliinunua mkononi kwa fundi aliyehama. Tulimpigia yule fundi, akaja, tukaandikiana mauziano mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, likagongwa muhuri. Nakushauri ufanye hivyo siku unaponunua, muuzaji akiwa bado karibu, kwa sababu namba ya mashine na karatasi ya mauziano ndivyo vinavyogeuza chuma kuwa dhamana.

Lakini dhamana peke yake haitoshi. Afisa alitaka kuona pesa ikitembea, na hapa nilikuwa na akiba ya aina nyingine. Tangu zamani nilikuwa nawaomba wateja walipe kwa simu. Wenzangu wengi waliikimbia simu tangu 2018 serikali ilipoweka kodi, ambayo baadaye ilitulia kwenye nusu asilimia ya pesa unayotoa. Kodi hiyo nailipa, na hainifurahishi, ila taarifa ya miamala niliyoiomba kampuni ya simu ilionyesha miaka mitatu: misimu ikipanda Januari, Mei na Septemba, kisha ule ukimya wa 2020, kisha malipo madogo madogo ya barakoa. Nikaweka na daftari la oda, na barua za shule mbili zilizoagiza sare. Afisa aliangalia pia kumbukumbu zangu kwenye ofisi ya taarifa za wakopaji, mfumo ulioanza kazi nchini mwaka 2008. Deni dogo la benki ulilokopa kwa simu, hata la shilingi elfu hamsini, likikaa bila kulipwa linaweza kukutokea pale. Mimi sikuwa nalo.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo watu hawaiulizi, nayo ndiyo iliyoniokoa. Nilikubaliwa shilingi milioni 6 kwa miezi 12, riba asilimia 2.5 kwa mwezi. Wengi wetu tukisikia riba tunaanza kubembeleza hapo. Mimi nilianza kwa swali jingine: hiyo asilimia inahesabiwa kwenye nini? Kwenye milioni 6 ya mwanzo mpaka mwisho, au kwenye deni lililobaki?

Tofauti si ndogo. Riba ikikaa kwenye kiasi cha mwanzo, ni shilingi 150,000 kila mwezi hata kama umebakiza laki tano tu, na kwa mwaka inafika 1,800,000. Ikihesabiwa kwenye deni linalopungua, ukirudisha laki tano za mtaji, yaani deni lenyewe bila riba, kila mwezi, mwezi wa kwanza riba ni 150,000 na wa mwisho ni 12,500, jumla 975,000. Asilimia ni ileile, mkopo uleule. Niliandika hesabu hiyo nyuma ya karatasi ya vipimo, nikamwekea afisa mezani. Taasisi ilikuwa na aina zote mbili za mkopo, nikachukua ule wa deni linalopungua. Ninayoulizwa na wengi ni kwa nini hawakutangulia kunieleza, na jibu langu ni kwamba uliza tu, na usisaini kabla hujaonyeshwa jedwali la marejesho, mwezi kwa mwezi.

Halafu nikaomba jambo la pili. Ratiba yao ya kawaida ilitaka marejesho kamili kuanzia mwezi wa kwanza. Mama muuza samaki anaweza hilo, pesa yake inazunguka kila jioni. Mshona sare akianza kurudisha mtaji Desemba, anairudisha kwa kuuza kitambaa alichokopea, au anakopa kwingine ili alipe hapa, na huko ndiko nilikoona mafundi wazuri wakiuziwa mashine. Nikamfungulia ile taarifa ya simu, nikamwonyesha kwa kidole: pesa yangu inaingia hapa, haiingii pale. Alikwenda kuzungumza na mkuu wake. Tukakubaliana miezi miwili ya kwanza nilipe riba tu, kisha mtaji urudi laki sita kila mwezi kwa miezi kumi. Riba yote ikawa 1,125,000. Ilizidi ile ya 975,000, na nilikubali kwa moyo mmoja, kwa sababu ile 150,000 ya ziada ndiyo iliyoninunulia nafasi ya kushona kwanza.

Kitambaa kiliingia kabla bei haijapanda. Niliongeza mafundi wa muda, tukashona mpaka usiku, na Januari ilipofika foleni ya wazazi ilifika barabarani. Shule moja ilichelewa kulipa, nikaziba pengo kwa mgao wangu wa Desemba kutoka kwenye sanduku, ambao niliuacha bila kuugusa kwa kusudi hilohilo. Mkopo uliisha kwa wakati wake.

Tangu hapo mambo yamesogea. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kikomo cha riba kwa wakopeshaji binafsi, asilimia 2.8 kwa mwezi, kwa hiyo yule wa asilimia 20 sasa anavunja sheria mara mbili. Kwa wanawake wenye biashara kuna mkopo wa GROW unaopitia kwenye mabenki kwa asilimia 10 kwa mwaka, kuanzia shilingi milioni 4. PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia (eneo la utawala la vijiji kadhaa, si la kanisa), inatoa milioni moja kwa kaya kupitia SACCO ya parokia, kwa shughuli za kilimo na ufugaji, kwa hiyo fundi kama mimi ataiombea kuku wake lakini si cherehani. Karatasi wanazotaka kwa GROW zinafanana na zile nilizokusanya 2021, hasa zinazoonyesha pesa ikitembea.

Jambo moja la mwisho kwa atakayeweka mashine dhamana. Ukimaliza kulipa, usitosheke na kuambiwa umemaliza. Dai barua ya kumaliza deni, kisha dai taarifa yako iondolewe kwenye daftari la URSB, na uhakikishe kwa kutafuta kwa namba yako ya kitambulisho au namba ya mashine. Mimi nilifuatilia mpaka ikatoka. Na kabla sijanunua mashine iliyotumika, naitafuta kwanza humo kuona kama kuna anayeidai.