Leseni haikuwa shida, shida ilikuwa hamsini

Kabla tutoke Nairobi kwenda harusi ya binamu yangu huko Moshi kila mtu alinitisha na leseni. Eti DL ya Kenya huko Tanzania ni karatasi tu, eti nitafute ile ya kimataifa, shemeji yangu mmoja hata akasema niweke elfu tano kando za kutoa njiani. Nikabeba DL yangu ya kadi, logbuku orijino, nikakata bima ya COMESA (ile kadi ya njano, bila hiyo usitoke nyumbani), na pale mpakani Namanga nikachukua kibali cha gari kwa TRA, watu wa ushuru wa Tanzania. Kama gari bado iko na loni beba barua ya benki, basi.

Trafiki wa kwanza alitusimamisha hata Longido hatujafika, nguo nyeupe pepepe toka kofia mpaka suruali. "Habari za safari kaka, poleni na safari. Naomba leseni yako." Sasa mimi nimezoea karao wa kwetu, anakuinamia dirishani, "DL", neno moja na mkono umenyooshwa. Nikababaika. Nikamwambia "iko afande, niko nayo." Akacheka, "unayo." "Eeh, niko nayo." Akaigeuza mbele nyuma, akauliza triango na mtungi wa kuzimia moto, nikamtolea macho mpaka mama watoto akaniambia hiyo triango ni laifseva, ile pembetatu ya kuweka barabarani gari ikiharibika, fungua buti. Akaona, akatuambia safari njema. Ya kimataifa hakuuliza, wala sikuulizwa safari nzima.

Hapo ndio nilijiona dereva wa Afrika Mashariki yote.

Kule kwenye makazi spidi ni 50. Hata kwetu mjini ni 50, lakini tuambiane ukweli, sisi tunaichukua kama ushauri. Kule kibao kinakukuta kabla hujaona hata nyumba moja, unateremsha mwendo vizuri, unapita maduka, unapita boda zimepaki chini ya mti, alafu nyumba zinaisha na barabara inanyooka na mlima Meru uko hapo mbele umekaa vizuri, na mguu unakanyaga wenyewe. Kumbe hamsini haijaisha. Inaisha kwa kile kibao kingine, 50 iliyokatwa mstari, na hicho kiko mbele kidogo, na hapo katikati ndio tochi, ile kamera ya polisi ya kupima spidi, inakupiga. Mwenye tochi sijamuona mpaka leo. Nilisimamishwa na mwenzake aliyekuwa mbele na simu mkononi, na kwa hiyo simu kulikuwa na picha ya gari yangu, namba ya Kenya inasomeka vizuri kushinda hata kwa logbuku, na 63 imeandikwa. Sasa hapo unabisha nini?

Nilibisha lakini. Nikasema afande si mtusamehe, sisi ni wageni. Akanijibu polepole, hana hasira hata kidogo, "Karibu sana mgeni. Ila kibao ulikiona?"

Nilikiona.

Faini 30,000 za huko, kama 1,500 zetu, akanipa karatasi iko na namba ya malipo. M-Pesa yangu ya Kenya ikakataa kulipa hiyo kitu, ikabidi nirudi kule kwa maduka (50, nakuapia) nitafute wakala, mama mmoja akanilipia kwa simu yake nikampa keshi, akaniuliza Nairobi mvua imenyesha, akaniuzia na maji. Elfu tano za shemeji hakuna aliyeziuliza, tulizila nyama choma Ngaramtoni.

Kurudi nilikuwa nimeiva. Nilishajua lori likikumulikia taa mbele linakuambia kuna tochi, na ukipishana na mwenzako na wewe unamwambia. Baada ya Longido fuso moja likanimulikia mara tatu, nikafunga breki mpaka watoto wakaamka, natambaa, natafuta nguo nyeupe nyuma ya kila kichaka. Ilikuwa ng'ombe. Kundi zima limelala lami, na kijana wa Kimaasai ako hapo pembeni na simu yake.

Tukavuka Namanga. Karibu tufike Bissil mama watoto akaniangalia, akaangalia ile foleni ya magari nyuma yetu inapiga honi, akasema, "Baba nanii, hii ni Kenya, kanyaga."