Monita moja kwa PC na konsoli: kabla ya Hz, angalia HDMI yake

Mtu akianza kutafuta monita ya gemu anakimbilia Hz, yaani picha ngapi kioo kinaonyesha kwa sekunde, mara 144, mara 180, mara 240, na mi sikatai, Hz ni tamu, ukishazoea 144 ukirudi kwenye 60 hata mshale wa mausi unauona kabisa unaruka ruka. Ila kama monita hiyo hiyo moja ndo itabeba kompyuta na konsoli, swali la kwanza ni HDMI yake, lile tundu la kebo ya picha na sauti, inapokea nini, maana konsoli haina mlango mwingine wa kutokea. PS5 haina DisplayPort (tundu jingine la picha, la kompyuta), Xbox haina, Switch haina, zote HDMI tu, wakati kwenye monita za bei ya kati uzuri wote mara nyingi umewekwa DisplayPort na HDMI imeachwa ijitegemee. Ndo unakuta boksi limeandikwa 180Hz kwa herufi kubwa halafu ukifungua kitabu cha maelezo, ukurasa ule ambao hakuna anayeusoma, HDMI inaishia 144 na habari ya VRR (kioo kwenda na mwendo wa gemu, nitaieleza chini) kupitia HDMI haipo kabisa.

Na usidanganyike na maandishi ya "HDMI 2.1" pembeni ya tundu. Wenye HDMI yao wenyewe walishaweka wazi mwaka 2021 kwamba 2.0 kama jina limeshakufa, mambo yake yote yamemezwa na 2.1, na yale mapya ya 2.1 yote ni hiari, yaani kampuni inaweza kuweka tundu lenye uwezo ule ule wa zamani wa gigabiti 18 kwa sekunde ikaliita 2.1 na isiwe imevunja sheria yoyote. 2.1 kamili inafika gigabiti 48. Kwa hiyo usiulize ni HDMI ngapi, uliza vitu viwili, moja, kwa HDMI inapokea resolusheni gani kwa Hz ngapi, mbili, VRR ya HDMI ipo au haipo. Muuzaji akijibu "ndio bosi ni 2.1" bado hajajibu.

Sasa resolusheni, yaani wingi wa pikseli kwenye kioo. Kwa bei ya kati mi nipo upande wa inchi 27 ya 1440p na sijaona sababu ya kuhama. Hesabu yake ni hivi, 1080p ina pikseli kama milioni 2, 1440p milioni 3.7, 4K milioni 8.3, yaani 4K ni mara mbili na robo ya 1440p, na mzigo huo wote unaangukia kwenye GPU yako, yaani kadi ya picha. Mtu mwenye kadi ya kawaida akinunua monita ya 4K anaishia kushusha setingi za gemu mpaka chini, au anachezea kwenye resolusheni ndogo halafu picha inatanuliwa, sasa hiyo 4K uliilipia ya nini. 1080p kwenye inchi 24 bado iko poa, hasa kwa wale wa gemu za kupiga risasi za mashindano, lakini 1080p kwenye inchi 27 hapana, unapata pikseli kama 82 tu kwa inchi na ukikaa karibu maandishi yanaonekana yana meno. Inchi 27 kwa 1440p inatoa kama 109, maandishi yametulia, huhitaji kukuza chochote kwenye Windows, unafanya kazi mchana na usiku unacheza.

Kuna watu bado wanasema usichukue 1440p kwa ajili ya PS5, hiyo ilikuwa kweli zamani. PS5 ilipotoka Novemba 2020 haikuwa na 1440p kabisa, ukiichomeka kwenye monita ya 1440p inakupa 1080p iliyotanuliwa, picha ina ukungu, watu walilalamika sana, mpaka Septemba 2022 Sony wakaleta sasisho lenye 1440p, halafu Machi 2023 wakaongeza VRR ndani ya hiyo 1440p. Kwa hiyo uzi wowote wa ushauri wa kabla ya hapo upite tu kimya kimya. Gemu ambayo yenyewe haijui 1440p lakini imechorwa kwa 4K, konsoli inaibana kuingia kwenye 1440p, na picha iliyobanwa hivyo inatoka kali sana, kingo za nyaya na majani zinakuwa laini kuliko ungetegemea. Xbox hawakuwa na tatizo hilo, 1440p wanayo tangu kizazi kilichopita, na wao wanakubali hata FreeSync, VRR ya AMD, kupitia HDMI ya kawaida, kwa hiyo kama konsoli yako ni Xbox uko huru zaidi kuchagua. Switch 2 nayo iliyotoka Juni 2025 ikiwa kwenye doki inatoa 4K kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde, au 1440p na 1080p mpaka fremu 120, ila VRR ikiwa kwenye doki haipo, hiyo wameiacha kwa kioo chake cha mkononi.

4K ningeichukua kwa mtu mmoja tu, yule ambaye konsoli ndo kila kitu na kompyuta ni ya kuandikia ripoti. Hapo sawa. Lakini hapo sasa HDMI lazima iwe ya ukweli, maana 4K kwa 120Hz haipiti kwenye gigabiti 18 bila kupunguza rangi.

Turudi kwenye Hz basi. PS5 na Xbox zote zinaishia 120. Zote. Kwa hiyo tofauti ya monita ya 165 na ya 240 kwa konsoli ni sifuri, hizo namba za juu ni za PC peke yake, na hata PC yenyewe lazima iwe na nguvu ya kutoa hizo fremu. Ukitoka 60 kwenda 120 kila fremu inashuka kutoka milisekunde 16.7 mpaka 8.3, hiyo unaisikia mkononi kabisa. Kutoka 165 kwenda 240 unatoka 6 kwenda 4.2, kuna watu wanaisikia, mi nasema kama bajeti imebana hiyo hela ipeleke kwenye paneli nzuri.

Halafu kuna kitu kizuri cha 120 ambacho hakisemwi sana. Gemu nyingi za konsoli bado ni fremu 30 au 60, utajiuliza 120 ya nini sasa. Siku hizi baadhi ya gemu zina modi ya fremu 40, grafiki zinabaki za juu kama za modi ya 30 lakini mwendo ni mlaini zaidi, na modi hiyo inataka kioo cha 120Hz, kwa sababu 120 ukigawa kwa 40 unapata 3 kamili na 60 haigawanyiki vizuri kwa 40. Ukiangalia namba unaona 40 iko karibu na 30 ila kwa muda sio hivyo, 30 ni milisekunde 33.3, 60 ni 16.7, 40 ni 25, yaani iko katikati kabisa. Mwenye kioo cha 60 mara nyingi modi hiyo haioni hata kwenye menyu.

VRR, kwa asiyejua, ni kioo kusubiri fremu badala ya kwenda na saa yake, gemu ikishuka kutoka 60 mpaka 52 picha haichaniki wala haigugumii. Kwa PC mambo ni marahisi, FreeSync na G-Sync (VRR ya Nvidia) zimeshapatana tangu Nvidia walipofungua mlango mwaka 2019, karibu kila monita ya gemu ya sasa inafanya kazi na kadi yoyote ya kisasa kupitia DisplayPort. Kwa PS5 hapana, yenyewe inataka VRR ya HDMI 2.1, FreeSync haiitambui, na inafanya kazi kati ya 48 na 120Hz, chini ya hapo unarudi ulipotoka. Ndo maana nimesema soma ule ukurasa wa HDMI.

Paneli, yaani aina ya kioo chenyewe. Hapa ndo watu wanagombana. IPS rangi nzuri, ukiangalia kwa pembeni haibadiliki, ila nyeusi yake ni kijivu, kontrasti iko kwenye 1000 kwa 1 hivi. VA inafika 3000 kwa 1 na zaidi, chumba kikiwa giza utaipenda, lakini VA za bei ya kati zina ugonjwa wao, pikseli ikitoka nyeusi kwenda kijivu inachelewa, sasa chukua gemu ya usiku, uko ndani ya handaki, zungusha kamera taratibu uangalie ukingo wa nguzo kwenye ukuta wa giza, utaona kama wino umepakwa unafuata nyuma ya nguzo. Wengine hawaoni kabisa. Mi nikishaiona siwezi kuacha kuiona, kwa hiyo kwangu IPS. OLED ni raha tupu, kila pikseli inajizima yenyewe na kasi yake hakuna LCD (IPS wala VA) ya kuigusa, bei zake zinashuka, ila kama kompyuta inakaa imewashwa kutwa na ule mstari wa chini wa Windows haujifichi, alama ya kudumu kwenye kioo ni jambo la kulifikiria kabla hujatoa hela, na maandishi madogo kwenye baadhi ya OLED yana kivuli cha rangi pembeni.

Sasa hili la overdraivu ndo nataka watu walielewe kwa sababu linawagusa wenye PC na konsoli kuliko mtu mwingine yeyote. Ile "1ms" kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwa overdraivu ya mwisho kabisa, ambapo monita inaisukuma pikseli kwa umeme mwingi kupita kiasi ili iwahi kufika kwenye rangi yake. Tatizo ikisukumwa sana inapitiliza, halafu ndo inarudishwa, na kule kupitiliza unakuona kama mstari mweupe unaomfuata mhusika akikimbia mbele ya ukuta. Kwenye PC kwa 165Hz fremu inakaa milisekunde 6 tu kisha inasahihishwa, huenda usione kitu. Chomeka konsoli, gemu ya 60Hz, setingi ile ile, sasa lile kosa linakaa kwenye kioo karibu milisekunde 17 na mstari mweupe uko pale unakuangalia. Yaani overdraivu iliyo sahihi kwa PC yako sio lazima iwe sahihi kwa konsoli yako kwenye monita moja. Monita nzuri ama ina modi moja inayofaa kasi zote, ama inakumbuka setingi za kila tundu peke yake. Nyingine hazikumbuki, kila ukihama unarudi kwenye menyu na kale kajoistiki ka nyuma unakapapasa gizani, inachosha jamani. Hii haiandikwi kwenye boksi popote, itafute kwenye rivyu za wanaopima kwa vifaa, RTINGS wanaweka mpaka grafu za setingi kwa Hz tofauti tofauti, na angalia ya 60Hz, usiangalie ya juu tu.

HDR, ile ya mwanga mkali na giza zito zaidi kwenye picha, kwa bei hii nitasema kwa ufupi, ile nembo ya DisplayHDR 400 ipuuze. Inataka mwanga wa niti 400 na haidai taa za nyuma zizimike kwa maeneo, kwa hiyo jua likitokea kwenye picha kioo kizima kinawaka, na zile sehemu za giza nazo zinapauka. Zima HDR, cheza kawaida. Ukiona monita ya bei ya kati yenye mini-LED (taa ndogo ndogo za nyuma) na maeneo mengi ya taa hapo tuongee.

Vitu vidogo vya mwisho mwisho. Hakikisha kuna HDMI mbili, maana siku ukiongeza kifaa cha pili utaanza kuchomoa chomoa nyuma ya meza. Sauti, monita nyingi za gemu ama hazina spika ama zina spika za kubahatisha, kwa hiyo angalia kama kuna tundu la hedifoni, ingawa pedi ya PS5 na ya Xbox zina tundu lao hapo hapo chini. Stendi inayopanda na kushuka ni muhimu kuliko taa za rangi za nyuma, au basi iwe na matundu ya VESA 100 kwa 100 ufunge mkono wa kushikia monita. Na tofauti na TV, usitegemee uwashe konsoli na kioo kihamie chenyewe, kuna zinazofanya na kuna ambazo zinakuacha unatafuta.

Ikifika, fungua Windows kwenye mipangilio ya onyesho uweke Hz mwenyewe, maana mara nyingi inajichagulia 60 na kuna watu wamekaa na monita ya 165 miezi wakicheza kwa 60 bila kujua. Kwenye PS5 nenda kwenye skrini na video, kuna jaribio la 1440p, lifanye, kisha washa VRR na utoaji wa 120Hz, na tumia ile kebo iliyokuja na PS5 kwenye boksi, iache ya zamani ya king'amuzi. Halafu weka picha nyeusi tupu, nyeupe tupu, nyekundu, kijani, bluu, kioo kizima, utafute pikseli zilizokufa wakati muda wa kurudisha mzigo bado upo.