Sakafu ya mbao: safu 11 zimelala, 20 zimebaki

Wiki mbili za kwanza sikuwa na cha kuonyesha. Mbao zilikaa chumbani zikiwa zimepangwa na vipande katikati ili hewa ipite, nami kila jioni nazipima unyevu. Zilipofika zilisoma asilimia 9, na plaiwudi ya chini 13. Mbao zangu zina upana wa milimita 120, na mbao pana namna hii sizigusi mpaka tofauti ishuke hadi 2 au chini yake. Mbao ngumu hutanuka kwa upana. Urefu wake haubadiliki sana. Jumamosi zikasoma 11, plaiwudi 12.

Kisha futi kamba ikaniumbua. Chumba kina upana wa milimita 3,650 upande wa dirishani, na 3,627 upande wa mlangoni. Ukitoa nafasi ya kutanukia ya milimita 15 kila ukutani, safu 30 nzima zinaacha ufito wa milimita 20 dirishani, na mlangoni hazienei kabisa! Ningeanza tu ukutani nikapiga misumari kwa furaha, ningeligundua hilo siku ya mwisho.

Dawa ilikuwa kuchana safu ya kwanza ibaki na milimita 70, nikikata upande wa mfereji (mtaro wa ubavuni) ili ulimi, yaani ukingo uliochomoza unaoingia kwenye mfereji wa ubao unaofuata, uelekee chumbani. Sasa ya mwisho itakuwa 70 dirishani na 47 mlangoni. Upogo huo utafichwa na kabati. Nilipiga uzi wa chaki, sikuufuata ukuta. Ukuta ni mwongo.

Nilitandaza safu nane bila msumari, nikichanganya mbao za mafungu manne maana moja lilikuwa jeusi kuliko mengine. Viungo vya ncha nimeviachanisha angalau sentimita 36. Mwanangu aliona kama nacheza, na kweli hii ndiyo sehemu tamu.

Safu mbili za kwanza nilizipigia misumari ya juu kwa kutoboa kwanza na keekee. Zinazofuata, msumari unaingia kwenye ulimi kwa mshazari wa nyuzi 45, kila sentimita 20, na mbao zimelala zikikatiza boriti za chini. Safu ya saba niliharakisha, ulimi ukapasuka, nikaung'oa ubao mzima.

Kesho ni fremu ya mlango. Nitaikata chini kwa msumeno, nikilaza kipande cha ubao kiwe kipimo, mbao zipite chini yake.