Mtalii Asiyetoka Nyumbani

Usiku mmoja, watu wote wa nyumbani walipokwisha kulala, nilitembea kwa miguu kando ya reli inayopita katika Heterocera, mojawapo ya mabara ya Second Life, ulimwengu uliotengenezwa kwa kompyuta, tangu saa tatu mpaka karibu na usiku wa manane. Nasema kwa miguu nikimaanisha miguu ya avata wangu, yaani lile umbo linaloniwakilisha ndani ya kompyuta, nami nikilielekeza kwa vidole. Kila eneo nililopita lilikuwa mraba wa mita 256 kwa mita 256, na maeneo ya huko yamepewa majina ya nondo, kwa kuwa jina la bara lenyewe ndilo jina la kisayansi la wadudu hao. Nilipita stesheni isiyokuwa na mtu, nikapita nyumba iliyojengwa juu ya nguzo, nikafika kwenye bustani ndogo ambamo mtu fulani alikuwa ameweka kiti kimoja tu, kimeelekezwa baharini. Ningeweza kuruka angani na kuimaliza safari ile kwa dakika chache, maana huko watu huruka kama ndege, au ningeandika tu jina la mahali na kufika kwa kufumba na kufumbua. Lakini kile kiti nisingekiona.

Tangu usiku ule nimejiwekea sharti kwamba siku ya kwanza mahali popote papya siruki. Natembea, nasimama, naangalia nyuma ya nyumba kama ninavyoangalia mbele yake. Sababu ni kwamba mlima wa duniani haukuwekwa na mtu, wala mto haukuchorwa na mtu, ilhali katika ulimwengu pepe hata jiwe lililo njiani liko pale kwa kuwa kuna aliyeamua liwe pale. Mtu huyo alichagua rangi yake, akaligeuza upande huu badala ya ule, kisha akaliacha. Kwangu mimi utalii wa aina hii ni kusoma maamuzi ya watu ambao mara nyingi sitawaona kamwe, na ndiyo maana nauthamini kwa moyo wote, wala sikubali unapoitwa safari ya bandia.

Labda nieleze ninachokiita ulimwengu pepe, kwa sababu neno hili hutumiwa ovyo. Ni mahali palipotengenezwa kwa kompyuta, ambapo watu wengi huingia pamoja kupitia intaneti, na ambapo huendelea kuwapo hata baada ya mgeni kuzima mashine yake na kwenda kulala. Mahali pa namna hiyo si jambo la juzi. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, walianza kuunda ulimwengu ulioitwa MUD, ambao ulikuwa wa maneno matupu: msafiri aliandika kwamba anakwenda kaskazini, na kompyuta ikamjibu kwa aya inayoeleza msitu au chumba alichofika. Mwaka 1986 Lucasfilm ikaanza kuujaribu ulimwengu wa Habitat kwa watumiaji wa kompyuta za Commodore 64, ukiwa na mitaa na watu waliochorwa, na ni huko neno avata lilipoanza kuzoeleka kwa maana tunayoitumia leo. Second Life ilifunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwezi Juni 2003, na upekee wake ni kwamba karibu kila kitu kilichomo, kuanzia makasri hadi vifungo vya mashati, kimeundwa na wakazi wenyewe.

Vifaa visimtie mtu hofu. Kompyuta ya kawaida yenye uwezo wa kuendesha michezo midogo inatosha kwa sehemu nyingi nitakazozitaja, na miwani ya uhalisia pepe si lazima. Hata VRChat, ulimwengu pepe wa kukutana na kuzungumza ambao watu wengi huudhania kuwa wa wenye miwani tu, huingiliwa kwa skrini na kipanya.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni adabu. Katika Second Life ardhi ina wenyewe, na baadhi yao huizungushia mistari ya katazo ambayo humzuia mgeni kama ukuta wa kioo. Mwanzoni nilipokwama kwenye mistari ile niliona uchungu, nikajiuliza ni kwa nini mtu ajenge kizuri kisha awafungie wenzake. Sasa naelewa kwamba wengine wamejenga pale nyumba ya kukaa, si ya kuonyesha, na hawataki mpita njia awakute sebuleni. Jambo gumu zaidi ni kwamba kamera ya huko inaweza kuachana na avata na kupenya kuta, hata mtu aliye nje akaona vyumba vya ndani. Waswahili wanasema macho hayana pazia, lakini mgeni anaweza kujiwekea pazia mwenyewe. Mimi sipenyezi kamera mahali ambapo miguu ya avata wangu haijakaribishwa. Na pale ninapokuta bustani au jumba la maonyesho lenye kisanduku cha mchango, huacha Linden dola kadhaa, yaani sarafu ya Second Life, kwa kuwa najua kwamba mwenye ardhi ile huilipia kila mwezi ili mimi nipite bure.

Sharti langu la kutoruka nimewahi kulivunja mara moja tu siku ya kwanza, na sijutii. Mwaka 2007 chuo cha Vassar cha Marekani kilifungua ndani ya Second Life nakala ya Kanisa la Sistina, lile la Vatikani ambalo Michelangelo alichora dari yake. Katika kanisa lenyewe mgeni husimama sakafuni, shingo imekunjwa, dari ikiwa mbali juu yake. Katika nakala ile niliruka polepole hadi usoni pa picha, nikakaa hewani karibu na mkono wa Adamu kwa muda nilioutaka, bila mtu kunisukuma. Hapo niliona kwamba mjenzi mwenye busara hatengenezi nakala ili ishindane na kitu chenyewe, bali huongeza kile ambacho kitu chenyewe hakiwezi kumpa mgeni.

Funzo kama hilo nililipata kwa njia nyingine mjini Paris, ile Paris ya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa iliyojengwa kwa ajili ya mchezo wa Assassin's Creed Unity wa mwaka 2014. Huu si ulimwengu wa kukutana na watu wengi kama Second Life, lakini mtalii wa nyumbani hana sababu ya kuuacha. Nilipanda hadi juu ya kanisa la Notre-Dame nikakuta mnara mwembamba uliochongoka katikati ya paa. Wanaoijua historia wanafahamu kwamba mnara wa zama za kati ulikuwa umeondolewa mwishoni mwa karne ya 18, na kwamba ule tuliouzoea katika picha ulijengwa na Viollet-le-Duc na kukamilika mwaka 1859, miaka mingi baada ya Mapinduzi. Wabunifu wa mchezo waliuweka hata hivyo, kwa ajili ya macho ya watu wa leo. Ni kosa la tarehe, lakini ni uamuzi uliofanywa na mtu aliyejua atakayepanda pale anategemea kuona nini. Kisha tarehe 15 Aprili 2019 kanisa likaungua na mnara ukaanguka. Kampuni ya Ubisoft, iliyoutengeneza mchezo, ikautoa bure kwa wiki moja na kuchangia euro 500,000 kwa matengenezo. Wiki hiyo nilirudi pale juu na kukaa kando ya mnara ambao hapakuwa tena na mtu duniani aliyeweza kuugusa. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kuutazama, nikautazama sana.

Kampuni hiyo hiyo ilitoa mwaka 2018 ziara ya Misri ya kale isiyo na mapigano yoyote, yenye misafara 75 ya kuongozwa, kutoka ujenzi wa piramidi hadi maisha ya Alexandria. Naipendekeza kwa anayeanza na kwa anayesafiri na watoto. Mimi huichoka baada ya muda, kwa sababu mwongozaji huzungumza bila kunipa nafasi ya kupotea njia.

Minecraft ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa kila kitu humo ni mchemraba, na mgeni asipokuwa na subira huona uchafu wa pembe na mistari tu. Mwaka 2014 idara ya serikali ya Denmark inayohusika na ramani iliitengeneza nchi nzima ndani ya mchezo huo kwa kipimo halisi, barabara na majengo yakiwa mahali pake, ikawafungulia watu waje watembee. Wageni wengine hawakuja kutembea. Baruti ilikuwa imezuiwa, lakini vigari vya reli vinavyobeba baruti vilisahauliwa, na wahalifu wakavitumia kulipua sehemu za miji na kusimika bendera za Marekani. Nilisikitika kana kwamba nimeusikia uharibifu wa mji wa kweli, na sioni haya kusema hivyo, maana kilicholipuliwa kilikuwa kazi ya watu.

Mahali ninapoparudia zaidi katika Minecraft ni maktaba iliyofunguliwa tarehe 12 Machi 2020 na shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka. Ni jengo kubwa la kuba na nguzo nyeupe, lililojengwa kwa mamilioni ya michemraba, na lina kumbi za nchi mbalimbali zikiwamo Misri, Mexico, Urusi, Saudi Arabia na Vietnam. Ndani ya kumbi hizo mna vitabu unavyoweza kuvifungua na kusoma makala zilizozuiwa katika nchi zile, zikiwamo za Jamal Khashoggi, mwandishi wa habari wa Saudi Arabia aliyeuawa mwaka 2018. Hoja ya waliolijenga ni kwamba serikali inaweza kufunga tovuti ya gazeti huku ikiuacha mchezo wa kompyuta wazi. Mara ya kwanza niliingia kama mtalii, nikistaajabia ukubwa wa kuba. Nilipofungua kitabu cha kwanza nikaketi, na nilipotoka nilikuwa nimesahau kupiga picha hata moja.

Baada ya safari hizo nilidhani kwamba No Man's Sky, mchezo wa kusafiri kati ya sayari uliotoka mwaka 2016, ungenimalizia kiu yote. Una sayari 18,446,744,073,709,551,616, idadi ambayo mtu hawezi kuimaliza hata akiishi mara elfu. Sayari hizo hazikuchorwa moja moja: kompyuta huzizalisha kwa kanuni za hisabati pale msafiri anapozikaribia. Nilitua kwenye sayari nyekundu, nikatua kwenye ya kijani, nikaona wanyama wenye miguu sita na mawingu ya zambarau, na baada ya wiki mbili nikagundua kwamba nilikuwa nimeacha kusimama. Hapakuwa na jiwe lililogeuzwa upande huu badala ya ule na mtu. Wapo wanaopenda upweke huo, wala siwalaumu. Kilichonigusa huko kilikuwa kidogo sana: nilifika kwenye sayari moja nikakuta tayari ina jina, kwa kuwa anayegundua mahali huruhusiwa kupaita atakavyo, na aliyenitangulia alikuwa ameipa jina la kike lenye herufi tano. Nilitembea katika sayari ile kwa muda mrefu kuliko zote.

Ndiyo maana sasa ninaweka daftari. Naandika jina la eneo, namba za mahali nilipoanzia, tarehe, na vitu vitatu nilivyoviona ambavyo picha ingevipita. Nilianza kufanya hivyo nilipotambua jinsi dunia hizi zinavyotoweka. AltspaceVR, ambamo watu walikuwa wakikutana kwa maonyesho na mazungumzo, ilifungwa tarehe 10 Machi 2023. Mji wa kale wa duniani ukiachwa hubaki na magofu, na msafiri wa baadaye atakuta walau msingi wa nyumba. Seva, yaani kompyuta inayouhifadhi ulimwengu pepe, ikizimwa habaki hata mchwa.

Mwezi uliopita nilirudi Heterocera kukitafuta kile kiti. Nilikuwa nimeihifadhi alama ya mahali pale, nikaibofya, nikafika kwa kufumba na kufumbua. Bustani haikuwapo. Palikuwa na ardhi tupu ya majani, tambarare kama sakafu, na bahari iko pale pale. Karibu nami alisimama avata wa mwanamke mwenye koti refu, hatikisiki, nikadhani mwenye kompyuta yake ameondoka. Baada ya dakika chache akaniandikia akiuliza kama nami nilikuwa nimekuja kwa ajili ya kiti. Nikamjibu ndiyo. Akasogea hatua kadhaa kuelekea ufukweni, akasimama, akaandika kwamba kwa kumbukumbu zake kilikuwa hapo. Nikafungua daftari, nikasoma namba, nikamwambia asogee kidogo kushoto.