Kina cha babu

Jana binti yangu alinisomea daftari la marehemu babu. Akafika hapa: "Nakitafuta kivuli, sikioni kwenye nchi." Sikio langu likajikwaa. Mshororo wa pili unaishia na mti, wa tatu kiti. Babu aliandika nti, Kimvita chake, na mwanangu kaisahihisha bila kujua.

"Lakini Mama, si ni nchi?"

Nikajikuta Changsha, China.

Ilikuwa Novemba, mwaka wangu wa pili wa masomo. Tulipanda mlima Yuelu kutazama majani ya miti ya feng yakigeuka mekundu. Huko kuna kibanda cha kupumzikia kilichojengwa 1792, kiitwacho Aiwan, yaani kupenda jioni. Jina limechotwa kwenye shairi la Du Mu, mshairi wa enzi za Tang: mistari minne, kila mmoja herufi saba, na kwa kuwa herufi moja ni silabi moja, mizani ni 28 basi. Babu, aliyehesabu 16 kwa mshororo, angelipenda ubanifu huo.

Nililihifadhi darasani, nikalighani pale. Vina vyake hukaa mwisho wa mstari wa kwanza, wa pili na wa nne. Wa tatu huachwa huru. Nami nikatamka nilivyofunzwa: xié, jiā, huā. Kila mara neno lile la kwanza lilinikwaruza, nami nilikuwa nimelinyamazia, kwani mgeni atawafunza nini wenye lugha?

Mzee aliyeketi kando, gilasi ya chai mkononi, majani yakielea juu, akainua kidole.

"Xiá," akasema.

Akachovya kidole katika chai, akaiandika herufi kwenye jiwe, mpigo baada ya mpigo, taratibu. Inamaanisha mshazari, ndiyo njia ya mawe inayopanda mlimani katika shairi. "Xiá, jiā, huā," akaghani, akisubiri nirudie. Nikarudia. Shairi likafunga kama mlango uliopata komeo lake. Nilipotazama chini, nusu ya herufi ilishakauka.

Baadaye nilisoma kwamba hata xiá si matamshi kamili ya Tang. Sauti zimehama mno katika miaka zaidi ya elfu moja; xiá ni kiraka kinachorudisha kina tu, na kamusi za leo husema xié. Nti ya babu si kiraka. Wapo Mombasa wanaoitamka mpaka leo, ingawa si nyumbani kwangu, wala mimi mwenyewe siitamki ila nikisoma daftari hili.

Nikamwambia binti yangu asome tena, na safari hii asikilize mwisho wa kila mshororo. Akainama. Akasoma kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nilijitahidi kuona ulimi unagusa wapi, sikuona.

"Haya," akasema, akafungua ukurasa mwingine.