Usikimbilie kujaza gesi: nilivyosomea AC na mitambo ya joto huku Ohio

Nilipofika Columbus, kila niliyemuuliza alinishauri nisomee uuguzi au niendeshe lori. Mwenzetu mmoja, fundi, akaniambia: "AC unasomea nini? Kama haipozi, jaza gesi. Ikikataa, badilisha kompresa," yaani pampu inayozungusha gesi ya kupoza. Ushauri huo ulininyima alama kwenye mtihani wangu wa kwanza wa vitendo, na mpaka leo nikiukumbuka naudhika.

Nilisoma chuo cha jamii, kozi ya cheti, masomo ya jioni. Mchana nilikuwa ghalani napakia mizigo. Ada karibu yote ilibebwa na ruzuku ya Pell ya serikali kuu, ambayo si mkopo, kwa hiyo mwenye ukaazi wa kudumu ajaze mapema FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo. Vifaa vilinila dola 400 na ushee. Geji za presha za bei mbaya usinunue kabla hujamsikiliza mwalimu.

Sasa ule mtihani. Mwalimu alitupa AC inayotumia gesi aina ya R-410A, yenye hitilafu aliyoitengeneza mwenyewe. Nikafunga geji. Upande wa presha ya chini ukasoma paundi 90 kwa inchi ya mraba, na mtambo usio na hitilafu huwa 118 au zaidi. Bomba nene linalorudi kwenye kompresa lilikuwa limeota barafu nyeupe. Nikajisemea, gesi imepungua hii. Nikaunganisha mtungi, nikaanza kujaza. Sindano ikapanda kidogo, barafu ikabaki palepale. Nikaongeza. Presha ya upande wa juu ikaanza kukimbia, mwalimu akanyoosha mkono akafunga mtungi.

"Umepima joto la bomba?"

Sikuwa nimepima. Akaenda kwenye kichujio cha hewa, akachomoa nyuma yake kipande cha kadibodi alichokuwa amekificha. Hewa ilikuwa haipiti! Evapureta, yale mabomba ya ndani yanayopoza hewa, ikikosa hewa ya vuguvugu, gesi haichemki ikaisha, presha inashuka, barafu inaota. Ukitazama geji peke yake utaapa kwamba gesi imevuja. Kipimajoto ndicho kinachotenganisha: gesi ikiwa pungufu, bomba la kurudi lina joto kubwa kuliko lile ambalo jedwali la presha na joto la gesi linaonyesha kwa presha hiyo, hewa ikikosekana, namba hizo mbili zinakaribiana mno. Na gesi hailiwi na mashine. Ikipungua kuna mahali inavuja, patafute kwanza.

Wiki 2 baadaye nilirudia. Kichujio, feni, kipimajoto, geji mwisho kabisa. Nikaikuta kapasita, kifaa cha umeme kinachosaidia mota kuwaka, imefura kichwani, nikaibadilisha, nikafaulu.

Leseni ya 608 ya EPA, shirika la mazingira la Marekani, ambayo sheria inaitaka kwa kila fundi anayeshika gesi, nilivuka sehemu zote 4 siku moja. Kila sehemu ina maswali 25, na unatakiwa upate 18. Jedwali la presha na joto lishike kichwani.

Januari, usiku, jirani yangu, mama wa Bukavu, alinigongea. "Muloko wangu," yaani mdogo wangu, "mashine ya joto inawaka, kisha inakufa." Nikaitazama: moto ulishika, ukahesabu sekunde chache, ukazimika. Nikafungua skrubu moja, nikatoa kile kijiti kinachohisi moto, kimefunikwa na utando mweupe. Nikakisugua kwa steelwuli laini, nikakirudisha. Moto ukawaka, ukabaki. Mama akapiga magoti kwenye tundu la hewa sakafuni, akatandaza viganja.