Lenzi yangu ya makro iligoma kuuzika, hadi nilipopiga picha ya rula

Kwa wiki sita tangazo la lenzi yangu ya makro ya milimita 90, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana, lilikaa bila mnunuzi. Ni lenzi ya bei nafuu, tena imetumika, na kila aliyeulizia alirudia mambo mawili: ina kuvu (ukungu unaoota kwenye vioo) ndani? Na ni makro kweli, au ni jina tu? Mimi nilikuwa nimeandika "iko safi", maneno ambayo kila muuzaji anayo.

Swali la pili lilinifungua macho, maana lenzi nyingi huitwa makro ilhali taswira zinazotoa ndani ya kamera zinaishia nusu ya ukubwa halisi wa kitu. Nikaweka rula mezani, nikazima ulengaji wa otomatiki, nikazungusha pete hadi mwisho wa karibu, kisha nikasogeza kamera yenyewe mpaka mistari ikaonekana wazi. Sensa yangu, kile kibamba ndani ya kamera kinachonasa picha, ina upana wa milimita 36, na pichani zilijaa milimita 36 za rula, ukingo hadi ukingo. Huo ni uwiano wa 1:1, yaani ukubwa halisi. Ingekuwa 1:2, yaani nusu, zingeonekana milimita 72.

Kuhusu kuvu, nilimulika tochi kutoka nyuma ya lenzi nikapiga picha kupitia kioo cha mbele. Chembe tatu za vumbi zilionekana, nikaziacha pichani. Picha hizo nikaziweka kwenye tangazo, nikaandika pia nililokuwa nimelificha: mota yake ya kulenga ni ya polepole na ina kelele. Kwa maua na wadudu, wapiga picha wengi hulenga kwa mkono, lakini mnunuzi ana haki ya kujua.

Siku nne baadaye ilichukuliwa na mpiga picha wa buibui. Hakuuliza swali hata moja.